Kwa mdogo wangu, kuhusu Jovan Ilkić na ramani za baba

Mdogo wangu mpenzi,

Jina la Jovan Ilkić nililisikia kwako, katika barua ulizoniandikia ulipokuwa mwanafunzi Belgrade. Ulinieleza kwamba alizaliwa mwaka 1857 huko Zemun, ng'ambo ya mto Sava, wakati mji huo ungali chini ya Austria. Kwamba alisomea usanifu majengo Vienna kwa Theophil Hansen, aliyesanifu bunge la Austria. Na kwamba baadaye aliivukia Serbia akaujengea mji mkuu wake. Uliisifu Nyumba ya Maofisa ya mwaka 1895, na nyumba ya mwanasiasa Jevrem Grujić ya mwaka uliofuata, ambayo mapambo ya ukuta wake wa nje yamechorwa kwa kukwangua plasta mpaka rangi ya chini ikajitokeza. Hakuna aliyenifundisha kutazama ukuta kama wewe.

Ndiyo maana siwezi kuisahau arubaini ya baba. Chai ilikuwa bado inamiminwa, wazee wako mkekani, nawe ukazikunjua ramani zake mbele yao na kusema boma la nyumba yake libomolewe, kwa kuwa aliyechora hakusomea. Hukuniuliza mimi niliyemshikia rula alipokuwa akizichora.

Habari za jengo la Bunge la Belgrade unazijua kunishinda. Wazo la awali lilikuwa la Konstantin Jovanović. Ilkić akalipokea na kuliendeleza, hata mwaka 1907 Mfalme Petar I akaweka jiwe la msingi, na hati yenye jina la mfalme, la askofu mkuu na la Ilkić ikajengewa humo humo msingini. Vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Ilkić akafia kizuizini Nezsider, kambi ya Austria-Hungaria, mwaka 1917, na baadhi ya michoro ikapotea. Mwanawe Pavle, msanifu kama wewe, alikaa akachora upya, kazi ikaendelea, Nikolai Krasnov aliyekimbia kutoka Urusi akasanifu mapambo ya ndani, na jengo likafunguliwa mwaka 1936. Najua utasema Pavle naye hakufuata kila mstari. Sawa, lakini alianzia pale baba yake alipoishia, na Ilkić mwenyewe hakuona aibu kuanzia kwa Jovanović.

Nakushauri, kama dada yako, uje tuzikague ramani hizi pamoja, uongeze pale elimu yako inapoona pungufu, nitafurahi mno. Sikuzificha, kama ulivyomwambia shangazi. Nilizihifadhi kwa sababu uliziacha mkekani zikimwagikiwa chai, na mtu mwingine wa kuziokota hakuwepo. Wala sikuendeleza ujenzi kwa kukukomoa: masika yalikuwa yanakaribia na matofali yalikuwa wazi. Lenta imeshafungwa, mbao za kupaulia ziko kwa jirani, na nimemwagiza fundi asiguse sebule mpaka ufike, maana hapo baba aliandika kwa penseli kwamba dirisha utalichagua wewe.