Bismillahi ya kadi imeshikana kwa simu, hapa dukani imeachana

Wateja wetu, hii shida ya priviu, yaani kadi inavyoonekana kwa skrini kabla ya kuprinti, imerudi tena wiki hii na nataka niieleze vizuri maana wenye kuumia ni nyinyi. Mtu anatuma kadi ya harusi, kwa simu yake imependeza kabisa, Bismillahi iko juu imeshikana, sisi tukiifungua hapa dukani Langoni, Lamu, tuitazame kabla ya kuprinti tunakuta herufi zimeachana kila moja kivyake na tena zimegeuka. Juzi ya mama mmoja wa Shela, lile neno "bismi" ukisoma kutoka kulia unaanza na mimu, halafu sini, halafu ba. Aliyesoma chuo cha Kurani hata mwaka mmoja anaona hapo hapo.

Kinachotokea ni hivi, herufi ya Kiarabu hubadilika sura, ikianza neno ni vingine, katikati vingine, mwisho vingine, na ikiwa peke yake vingine. Simu inazishikanisha yenyewe bila wewe kujua. Lakini programu nyingi za kudizaini zimezoea herufi za Kizungu za kutoka kushoto, usipoiwashia seting ya Kiarabu inazipanga moja moja tu kama shanga. Sisi tumeiwasha, lakini maandishi mapya yakibandikwa inarudi kule kule, ndiyo maana mnaona tumerekebisha leo na kesho imeharibika tena.

Faili ya Word nayo mara nyingi haiji na fonti zake, yaani ile mitindo ya herufi, kompyuta yetu ikizikosa inaweka nyingine na jina la bwana harusi linarukia mstari wa chini. Kwa hiyo tumeni PDF tafadhali, fonti huwa zimo ndani. Na kama ni picha itumeni kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza na ikiprintiwa inatoka na ukungu.

Kuanzia sasa tunaprinti moja kwanza, bure, uje uisome kwa macho yako mwenyewe, na kama uko mbali Matondoni huko tutakupigia picha ya karatasi yenyewe sio ya skrini. Kadi mia tatu zikishatoka na kosa sio hasara ya wino tu, karatasi yenye jina la Mungu huwezi kuitupa jaani, na mimi siwezi kulala na boksi zima la namna hiyo dukani. Leteni wiki mbili kabla ya harusi, tusikimbizane.