Barua kwa mwanangu: usiisubiri hamu

Mwanangu mpenzi,

Sikuandikii salamu ndefu, maana tumeonana asubuhi hii hii na jioni tutakaa meza moja. Nimeshika kalamu kwa sababu maneno ya mdomo siku hizi hayafiki. Nikifungua kinywa tu, wewe umeshajua nataka kuuliza kama umesoma, na jibu linatoka kabla ya swali. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, wala mimi siwezi kupandisha sauti.

Juzi ulimwambia mama yako kwamba hamu ya kusoma imekuisha. Unakaa mbele ya kitabu, macho yanapita juu ya mistari, na ukifika chini ya ukurasa hukumbuki ulichosoma juu. Ukaongeza kwamba labda wewe si mtu wa vitabu. (Usimkasirikie mama yako kwa kuniambia. Ulijua ataniambia.)

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike. Mtu anayesoma mambo yale yale mwaka nenda mwaka rudi, mengine hata hakuyachagua, kwa ajili ya siku chache za mtihani ambazo bado hazijafika, angeamka na hamu kila asubuhi ningemshangaa. Kuishiwa hamu hakusemi lolote juu ya akili yako. Ila nimekuona unavyosoma, na sikuwa nakuchungulia, mlango ulikuwa wazi. Unasoma kwa namna ambayo ingeua hamu ya mtu yeyote.

Unafungua sura, unaisoma kutoka mwanzo, unapaka mistari rangi, kisha unairudia. Kufikia mara ya tatu kila kitu unakiona cha kawaida, unafunga kitabu ukiamini kimeingia. Kesho yake unakutana na swali la sura ile ile, na kichwani hakuna kitu. Likikutokea hilo mara nyingi, moyo unajifunza kwamba kusoma hakulipi, na moyo ulioshaamini hivyo hautakupa hamu hata ukiubembeleza. Macho kuuzoea ukurasa ni jambo moja. Kulitoa jambo kichwani wakati ukurasa haupo ni jambo jingine, na chumba cha mtihani kinakudai hilo la pili.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walivisoma, kisha wakaviweka kando na kuandika chochote walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walitangulia. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wamejipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Kinachonichekesha ni kwamba waliosoma na kurudia ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kuwa hawatasahau. Ukisoma kwa njia hiyo unajisikia vizuri leo na unaumbuka wiki ijayo.

Kwa hiyo nakuomba ujaribu jambo moja kwa somo moja tu, uchague mwenyewe lipi. Soma kurasa mbili. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka, kwa maneno yako, bila kuchungulia. Mara ya kwanza utaandika mistari mitatu, utakwama, na utajiona mjinga. Hapo ndipo wengi hukimbilia kalamu za rangi, kwa kuwa zile hazimuumbui mtu. Wewe kaa hapo hapo na huo mkwamo kidogo, jikamue, halafu ndipo ufungue kitabu uongeze ulichosahau kwa wino mwingine. Andika tarehe juu, iweke karatasi. Baada ya siku mbili tatu chukua karatasi nyingine tupu, fanya tena mada ile ile, kisha uziweke mbili hizo pamoja. Ya pili itakuwa na wino wa marekebisho mchache kuliko ya kwanza. Ukishaona hivyo kwa macho yako, hutahitaji mtu akwambie kwamba unaweza. Mimi naamini hamu inatoka hapo zaidi kuliko mahali pengine popote: mtu akiona amepata kitu, anataka kuongeza. Hotuba zangu haziwezi kuifanya kazi hiyo, na ndiyo maana nimejizuia kukuandikia methali. Zote umeshazisikia.

Na ukisahau usishtuke. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akawa anapima zimebaki ngapi kichwani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau kunakwenda mbio sana saa za mwanzo, halafu kunapunguza kasi. Aliona pia kwamba marudio yakigawanywa katika siku kadhaa yanafaa kuliko kurundikwa siku moja. Basi uliposahau usiku kile ulichosoma mchana, kichwa chako kilikuwa kinafanya kama vichwa vyote. Kilichokosekana ni kurudi: kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Dakika 20 zilizosambazwa hivyo zinaweza kukufaa kuliko saa nzima ya kukomaa na mada moja usiku wa manane.

Sasa ile ratiba yako ya ukutani. Ni nzuri, nimeisifia, ina rangi na mistari iliyonyooka. Lakini inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa tano usiku, masomo yote, kila siku, na ndani yake hakuna mtu anayeugua, anayetumwa, wala anayechoka. Siku ya kwanza uliifuata. Ya pili ikakupita kidogo, ukajiona umeshindwa, na tangu hapo inaning'inia tu hapo ikikusuta kila ukiingia chumbani. Ibandue. Andika badala yake sentensi ambayo huwezi kushindwa kuitimiza: "Nikishatoa vyombo mezani, nitakaa kwenye kiti changu, nitafanya maswali mawili ya hisabati." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na alichokionyesha ni kwamba mtu aliyekwisha kuamua atafanya nini, wapi, na mara tu baada ya kitu gani, hutekeleza zaidi kuliko yule aliyesema tu "nitajitahidi". "Nitajitahidi" haina saa wala kiti.

Sehemu ngumu ni zile dakika za mwanzo, na ndipo unapoisubiri hamu ije ikunyanyue. Usiisubiri. Anza ukiwa huna. Mara nyingi inakuja ukiwa swali la pili, na siku isiyokuja kabisa, maswali mawili yatakuwa yamefanyika vile vile. Ukiona saa nzima inakutisha, tega saa ilie baada ya dakika 25, soma, pumzika 5, tega tena. Njia hiyo ilianzishwa na Mwitaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Hakuna uchawi katika 25. Kama 15 ndizo unazoziweza leo, tega 15.

Kuhusu simu sina mengi, umechoka kunisikia. Ikae chumba kingine wakati dakika zako zinahesabika. Yangu itakaa pamoja na yako.

Kukesha nako sitakunyamazia. Najua wenzako wanajisifu nani alilala saa ngapi. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku, na sababu yake inakuhusu moja kwa moja: ni wakati umelala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyakaza uliyojifunza mchana. Anayekesha anajinyima kile kile anachokeshea. Na hiyo kahawa ya saa mbili usiku iache, maana zikipita saa tano tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini yake bado inakuzungukia mwilini, na hapo ni saa saba usiku.

Kuna somo unalolikwepa, tunalijua wote wawili, silitaji. Kila ukikaa unaanza na unalolipenda, na ukifika kwenye lile umechoka. Lipe dakika zako za kwanza, kidogo tu, kisha ujizawadie lile unalolipenda. Tafuta karatasi za mitihani iliyopita za somo hilo uone maswali yanavyoulizwa. Utagundua mada fulani hazikosekani, ila sura ya swali hubadilika. Jibu moja huku umetega saa. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 unakupa chini kidogo ya dakika 2 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 10 lina dakika 18. Ukishajua hivyo hutamaliza nusu saa ukipamba jibu la alama 5. Sehemu ya woga wa mtihani, nadhani, ni kutokujua ukoje, na karatasi za zamani zinakuonyesha.

Rafiki yako aliyesema ameshamaliza silabasi mara mbili, mwache. "Kumaliza" maana yake huenda ni kufungua kurasa zote. Kama unataka kujua mmefika wapi, mwambie akueleze mada moja bila kitabu, nawe umweleze moja. Mtajuana vizuri, na mtakuwa mmesoma.

Nimebakiwa na jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema. Kuna wakati mtu husema hana hamu ilhali anaogopa. Ukisoma kwa bidii halafu ukafeli, utakuwa huna kisingizio. Usiposoma, unaweza kusema hukujaribu. Sijui kama ndilo linalokupata, wewe ndiye unayejua. Kama ndilo, liandike. Chukua karatasi, dakika 10, uandike kila unachokiogopa kuhusu mtihani huo, kisha uichane ukitaka. Watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliripoti mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye wasiwasi walioandika hivyo muda mfupi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao wasioandika. Hata kama isingeongeza alama hata moja, ningekushauri uandike.

Na kama katika hiyo orodha tumo sisi, mama yako na mimi, basi nisikilize. Sitakwambia mtihani hauna maana. Ungejua nakudanganya, na ungeacha kuniamini kwa mengine pia. Una maana. Matokeo mazuri yatakufungulia baadhi ya milango mapema, na mabaya yatakuzungusha kwa njia ndefu zaidi. Lakini kama ni njia ndefu, tutaipanga pamoja, tutauliza, tutarudia mtihani ikibidi. Watu wanarudia na wanafaulu. Hakuna kikao kitakachofanyika nyuma ya mgongo wako, na hakuna jamaa atakayesikia alama zako kutoka kwangu kabla hujaamua wewe mwenyewe asikie. Hilo naahidi kwa maandishi, uitunze karatasi hii kama ushahidi.

Wikiendi usisome siku nzima. Toka, utembee, ucheke na watu.

Jingine ni ombi. Leo kabla ya kulala niachie kitabu chako cha kemia mezani, na kijikaratasi chenye kurasa unazotaka. Kesho jioni nitakuuliza kutoka humo, dakika 15, zaidi ya hapo unifukuze. Kemia siijui, kwa hiyo utalazimika kunieleza mpaka nielewe, na nakuonya kwamba mimi ni mzito. Mama yako ameshachagua historia.

Wako akupendaye,
Baba