Asante dada uliyenisaidia kwenye ukungu wa mlimani
Jina lako sikulipata, ila nakushukuru kwa dhati. Wengine walikuwa wanafungasha kamera wakisema leo hakuna picha. Wewe ukaniambia ukungu wenyewe ndio picha, kwa sababu unazitenga safu za milima: ya karibu nyeusi, za mbali zikififia hadi zinalingana na mbingu. Ukanieleza kwamba kipima mwanga cha kamera huuchukulia weupe wa ukungu kama kijivu, ndiyo maana picha hutoka na giza kuliko macho yanavyoona. Niongeze mwanga hatua 1 hivi, yaani mara mbili, huku nikichunga mawingu yasiungue, yaani yasigeuke weupe mtupu. Fokasi, yaani ulengaji wa lenzi ili picha iwe kali, ilipohangaika, ulinionyesha ukingo wa mti mmoja mweusi. Nikaulenga, lenzi ikatulia papo hapo.

Na kile kitambaa chako kikavu! Kila mara ulifuta matone kwenye lenzi yangu kwanza, kisha yako. Hata ule ushauri wa kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia penye joto, ili unyevu utue juu ya mfuko badala ya lenzi, naufuata mpaka leo. Mungu akubariki sana, popote ulipo.