Anayeingia majini ashike plagi mkononi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenzangu tunaolima bustani kando ya Ziwa Victoria, kuanzia huku Luchelele na Sweya hadi upande wa Kayenze, kuhusu jambo tulilolizoea mno: pampu ya kuzamishwa majini inayopata umeme kutoka nyumbani kwa waya wa ekstensheni. Waya huo kwetu hauwezi kuwa mfupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatenga mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mtu anayeiheshimu, akijumlisha mita za kuingia ndani hadi maji yapate kina na mita za kutoka bustanini hadi kwenye soketi, hujikuta anahitaji waya wa mita 80 au zaidi. (Wanaopanda mchicha hadi kwenye matete wana waya mfupi, lakini hao wana kesi nyingine.) Umbali huo ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa sababu aliye penye swichi hajui sawasawa anachofanya aliye majini.

Kiangazi kilichopita, upepo wa usiku ulisukuma magugu maji hadi yakaziba chujio la pampu yangu, na asubuhi mwanangu akashuka kuyaondoa. Maji yalikuwa yamemfika mapajani, mkono mmoja umeshika kamba ya pampu na mwingine unang'oa mizizi, nilipotupa jicho barazani nikaona taa nyekundu ya ekstensheni ingali inawaka. Yeye alidhani nimechomoa plagi. Mimi nilidhani amechomoa yeye. Nilimpigia kelele akatoka, na alipoketi juu ya jiwe akaniambia kwamba miguu ilikuwa ikimsisimka tangu alipoingia, ila alifikiri ni baridi ya asubuhi.

Nilipowasimulia majirani, mmoja alinituliza kwamba maji ya ziwa hayana chumvi na kwa hiyo hayapitishi umeme wa kumdhuru mtu. Hoja hiyo imeenea, nayo ni ya hatari. Ni kweli kwamba maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kidogo kuliko ya bahari, lakini mwili wa mtu, wenye damu na chumvi yake, huupitisha vizuri kuliko maji yanayouzunguka, kwa hiyo umeme unaovuja huona njia rahisi kupitia kwa mwogeleaji. Tena mkondo mdogo ambao nchi kavu ungemrusha tu mtu pembeni, majini humkaza misuli akashindwa kusimama, akazama mbele ya wanaomtazama.

Wiki mbili baadaye pampu yenyewe iliungua. Siku chache kabla ya hapo ilikuwa ikiguna jioni bila kupandisha maji, nami nikailaumu pampu, nikaibeba hadi kwa aliyeniuzia. Fundi niliyemwita baadaye hakuigusa pampu kwanza. Alikata ekstensheni shubiri moja kutoka kwenye plagi. Ganda la nje lilikuwa limechapwa kwamba ndani mna nyaya tatu za milimita za mraba 1.5. Ndani mlikuwa na nyaya mbili. Ile pini ndefu ya juu, ambayo kazi yake ni kupeleka umeme unaovuja ardhini, haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Kisha akaukwangua waya mmoja kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba ukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo huuzuia umeme karibu mara moja na nusu zaidi ya shaba yenyewe, na ambayo, kwa unene niliouona, haikufika hata hiyo milimita moja na nusu.

Hapo mambo yangu yote mawili, msisimko wa miguu ya mwanangu na kuungua kwa pampu, yakapata jibu. Mota ya nguvu ya farasi moja, yaani takriban wati 750, huvuta kama ampia 6 inapofanya kazi, na mara kadhaa ya hizo inapoanza kuzunguka. Kwa waya wa shaba halisi wa mita 80 wenye milimita 0.75, ambao ndio unene wa ekstensheni nyingi za redio na taa, ampia 6 hupoteza njiani volti 22 hivi. Ukitumia waya wa 1.5 hupotea 11, na kwa waya wa 2.5 hupotea 7 tu. Sasa chukua umeme wetu wa volti 230, ambao jioni watu wakipika na kupiga pasi huwa umeshashuka, utoe hizo 22, na ukumbuke kwamba wakati wa kuanza upotevu huwa mkubwa zaidi: mota haipati nguvu ya kuzunguka, inaguna, inavuta ampia nyingi kuliko inavyostahili, na koili zake zinaungua. Kwa umbali wetu, waya wa 2.5 wenye ganda la mpira na nyaya tatu za shaba ndio ninaoushauri, japokuwa bei yake inauma. Uliozungushwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote hadi mwisho, kwa kuwa ukiachwa umeviringwa hushindwa kutoa joto na ganda lake huyeyuka kuanzia katikati, mahali ambapo jicho halifiki.

Kuhusu usalama wa mtu, wengi tunaamini fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi inatulinda. Fyuzi hiyo inalinda waya usishike moto. Mtu anaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampia moja, na fyuzi isijue kwamba kuna jambo. Kinachomlinda ni swichi inayokata umeme unaovuja, ambayo mafundi huiita kwa herufi RCD, ya miliampia 30, iliyofungwa pale umeme unapotokea nyumbani, si mwisho wa waya ufukweni. Ina kitufe cha kuijaribia, na kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi. Hata hivyo swichi hiyo haiondoi haja ya waya wa ardhi: waya huo ukiwapo, umeme unaovuja kwenye pampu hukatwa saa hiyo hiyo, pasipo mtu karibu; waya huo usipokuwapo, umeme hukaa pale pale ukimsubiri mtu ndipo swichi ishtuke.

Maungio ni jambo fupi. Plagi ya pampu na soketi ya ekstensheni zikutane nchi kavu, juu ya nguzo, ndani ya kisanduku chenye kifuniko na tundu chini la kupumulia. Mazoea yetu ya kuzifunga kwa mfuko wa plastiki, ambao wenyewe umepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini kwenye plagi bado unapatikana, hufungia unyevu ndani badala ya kuuzuia. Na pampu ishushwe kwa kamba yake, kamwe isining'inizwe kwa waya wa umeme.

Nyumbani kwangu sasa plagi haibaki ukutani mtu akiwa majini. Anayeshuka kuondoa magugu huichomoa kwa mkono wake mwenyewe, anafunga soketi kwa kisanduku chenye kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni hadi atakapotoka. Mwanangu aliona haya siku za kwanza, akisema anafanana na mtunza stoo, lakini ameuzoea.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya vifaa vya umeme mjini. Mteja akisema anataka ekstensheni ya pampu, muulizeni ni ya mita ngapi na mota ya nguvu gani, na mruhusuni akwangue ncha ya waya kwa kisu kabla ya kulipa. Mimi nimefanya hivyo mara mbili tangu wakati ule. Duka la kwanza walininyang'anya kisu, na la pili ndiko nilikonunua waya.

Wako,
Mkulima wa bustani,
Luchelele, Mwanza