Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: sibiti, kete na mafuta ya boti

Asalaam alaykum mama zangu, dada zangu na wale waume wachache mliolipa ada (mnajijua, na msiolipa pia mnajijua). Taarifa naituma mapema mwaka huu muisome kwanza, manake mwaka jana niliisoma kwa mdomo baada ya biriani na nusu ya ukumbi ikasinzia.

Kazi kubwa ya kikundi chetu hapa Lamu ilikuwa ile tiba ya fikra na tabia, CBT, ambayo akina mama wa Langoni washaipa jina lao, sibiti, na mie nimechoka kuwasahihisha. Kwa wanachama wapya: si dawa ya kumeza, na wala haishindani na dua. Ni hivi, jambo likikupata kuna wazo linapita kichwani mbio mbio hata hujaliona, "mie ndo nimewaponza wanangu", basi hilo wazo linakuvunja moyo, moyo ukivunjika unajifungia ndani, na ukijifungia wazo linapata kuthibitika, ahaa kweli mie sina maana. Sasa mtu anafundishwa kulikamata lile wazo na kulihoji kama kadhi anavyohoji shahidi, umeona kwa macho yako au umeambiwa? Alafu afanye kitu kidogo leo leo, hata kusuka ukili nusu saa na jirani, bila kungoja moyo utake.

Mzee mmoja wa kamati aliniuliza, kitu alichoanzisha daktari Aaron Beck kule Philadelphia miaka ya 1960 kitatufaa nini sisi watu wa Lamu. Swali zuri. Nikamwambia habari ya Pakistan vijijini, wahudumu wa afya wa kawaida tu walifundishwa hii tiba wakawa wanawatembelea wenye mimba na waliojifungua walioshikwa na depresheni, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalikuwa hivi, mtoto akifika miezi 6, waliopata tiba ni asilimia 23 tu waliobaki na depresheni, wenzao waliotembelewa bila tiba asilimia 53. Na karibu zaidi, Bungoma na Moshi, watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, utafiti wa tiba hiihii uliochapishwa 2020, na waliowafundisha hawakuwa madaktari, ni watu kama mimi na wewe walioelekezwa na kusimamiwa vizuri. Mzee akanyamaza, na mkutano uliofuata alimleta mkazamwana wake.

Tulikosea kwenye daftari. Hii tiba ina homuweki, mtu aandike nyumbani wazo limekuja saa ngapi na limemfanya nini, nasi tukanunua madaftari mazuri tukagawa tukajiona tumemaliza. Jamani, nyumba zetu hizi nani ana siri? Mmoja daftari lake lilisomwa na wifi yake na mambo yakawa makubwa, mpaka tukaenda kusuluhisha. Wengine wakaanza kuja mikono mitupu wakisema wamesahau, na makaunsela wetu wakadhani ni uvivu. Dawa ilitoka kwa akina mama wenyewe. Bibi mmoja asiyejua herufi za kizungu alikuwa anaandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, vijana wa nyumbani hawaambulii kitu. Mwengine haandiki kabisa, akachukua makopo mawili na kete, kila wazo likija anahamisha kete moja, wiki ya kwanza kopo lilijaa, wiki ya sita anatikisa linalia kwa kete tatu nne. Hiyo ndo homuweki yetu sasa, madaftari yaliyobaki wapewe watoto wa shule.

Kwa watoto tulienda polepole zaidi, na hatumpokei mtoto bila mzazi au mlezi, kwasababu mama akibaki na hofu ileile mtoto atarudi nayo kesho. Kuna kijana wetu mdogo aliyenusurika mashua ilipopinduka, akawa hata gatini hapiti. Hakusukumwa. Siku ya kwanza alisimama mbali akavuta pumzi na kuhesabu, siku nyengine akakaa ngazini, alafu ndani ya mashua iliyofungwa kamba, na mwezi wa Novemba akapanda mpaka Shela na kurudi, alishika mkono wa mamake njia nzima lakini alipanda.

Sasa tatizo kubwa: upepo wa kusi. Boti ya Faza, kule kisiwani Pate, hungojea maji yajae ipite mlango wa Mkanda, kwahivyo vikao tulivipanga kwa maji na si kwa saa, na bado bahari ikichafuka akina mama wa Pate walikatika wiki tatu nne mfululizo, wakirudi tunaanza karibu upya. Tiba hii haikubali kukatika katika. Ofisi moja ilituahidi chumba upande wa Pate, tukazungushwa tangu Machi, sisemi zaidi.

La kushukuru ni kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumshtaki aliyejaribu kujiua, kinapingana na katiba. Nguvu zake tuliziona vikaoni, watu walioogopa polisi wakaanza kusema yaliyomo. Lakini mtu anayetaka kujiua si wa kupewa kete, tumekubaliana apelekwe hospitali siku hiyohiyo na mtu wetu afuatane naye. Na mtoto anayeumizwa, piga 116, ni bure.

Hesabu ataisoma mweka hazina. Ombi langu ni moja, zile fulana na bango la maadhimisho tuziache mwaka huu, pesa ziende mafuta ya boti, na makaunsela wawili wa Faza wafundishwe palepale kwao kabla kusi haijaanza. Mkilikataa nitaelewa ila nitataka mniambie kwa nini. Mkutano ni Ijumaa baada ya asri, na aliyechukua birika letu la shaba alirudishe.