Mhariri, sio kila jani la mtoni ni uchafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila mvua zikija nasoma magazetini habari zile zile mbili, mto umefurika, na magugu yamejaa mtoni yang'olewe haraka, na zote zinaandikwa kama vile maji yakitoka nje ya mto basi ni hasara tupu na jani likiota majini ni takataka. Mafuriko yanaua watu na yanabomoa nyumba, hilo halina ubishi hata kidogo. Ila kuna zile tambarare za kando ya mto ambazo maji yamekuwa yakiingia na kutoka miaka yote, huko samaki wanaishi kwa hayo hayo maji na hayo hayo majani, na upande huo siuoni ukiandikwa.

Maji yakipanda yanafunika nyasi, majani makavu, samadi ya wanyama waliokuwa wanalisha pale kiangazi, vyote vinaanza kuoza na kugeuka mbolea, mwani unaota kwenye mashina yaliyozama, wadudu wanajaa, na samaki wanauacha mto mkuu wanakuja huko kutaga. Kambare anangoja mvua hasa, anapanda usiku kwenye nyasi zilizofunikwa na maji kidogo tu, mayai yake yananata kwenye hayo majani na baada ya siku moja na kitu yameshaanguliwa. Sasa kifaranga anayezaliwa hapo anakuta chakula mlangoni na mahali pa kujificha, wakati angezaliwa kwenye mkondo mkubwa angechukuliwa na maji au angemezwa asubuhi hiyo hiyo. Ndo maana kwenye mito ya aina hii mafuriko makubwa ya mwaka huu wavuvi huwa wanayaona kwenye nyavu mwaka unaofuata au ule wa pili, samaki wakishakua. Mwaka 1989 wataalamu watatu, Junk, Bayley na Sparks, waliandika kwamba huku kupanda na kushuka kwa maji ndiko kunakoendesha maisha yote ya mto na tambarare yake, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Majani nayo yana tofauti kubwa sana. Yakiwa ya wastani, yameachiana, samaki wadogo wanajificha na bado wanapata nafasi ya kutafuta chakula. Yakisongamana mno mambo yanageuka, maana mmea nao unavuta oksijeni usiku, kwa hiyo kukikaribia kupambazuka maji yanakuwa hayana hewa na wanaobaki ni wale wanaoweza kuvuta hewa ya juu kama kambare na kamongo. Yaani jani linaamua nani aishi wapi! Hata maji yakishashuka na vidimbwi vikabaki peke yake, hali ya maji nayo inaamua vivyo hivyo, kwenye tambarare za mto Orinoco kule Venezuela ilionekana kwamba vidimbwi vyenye maji maangavu vinakuwa na samaki wanaowinda kwa macho, vile vya tope vinatawaliwa na jamii ya kambare na wale samaki wenye umeme, afu mafuriko yanarudi yanawachanganya wote upya.

Gugumaji ndo mfano ninaoupenda zaidi. Kwao ni Amerika Kusini, na kule kwenye Amazon majani yanayoelea, hilo likiwemo, ni kama chekechea ya vifaranga wa samaki. Sehemu nyingine za dunia jani hilo hilo linafunika maji, linaziba mwanga, linaoza, samaki wanakufa. Tofauti mojawapo ni wadudu wanaolila huko kwao, lakini nyingine ni maji yenyewe, pale mji wa Manaus, Brazil, mto unapanda na kushuka kama mita 10 kila mwaka, majani yanang'olewa, yanasukumwa, yanaachwa nchi kavu yanakauka. Pale ambapo maji yametulia mwaka mzima na mbolea ya mashamba inaingia, jani linakaa tu na kuzaana.

Na tukizuia mafuriko kabisa? Mto Kissimmee wa Florida, Marekani, ulijibu hilo. Ulikuwa unazunguka zunguka kilomita kama 166, kati ya 1962 na 1971 wakaunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90 ili usifurike, kona za zamani zikabaki zimetuama, majani yanayoelea yakaziba, matope ya majani yaliyooza yakajaa chini, hewa ikapungua na samaki wanaovuliwa na watu kwa ndoana wakapungua pia. Kazi ya kuurudisha ilianza 1999, wakafukia sehemu ya mfereji walioulipia wenyewe, na maji yalipoanza kutembea tena yale matope yakapungua na oksijeni ikapanda. Hawakuanza na kung'oa majani, walianza na maji.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandishi wenu ni moja, mkienda kuripoti mto unaosafishwa ulizeni ni mmea gani unang'olewa, umesongamana kiasi gani, na ni msimu gani, maana kuondoa majani wakati samaki wanataga ni kuondoa na mayai yake. Ulizeni pia kwa nini wasifungue njia za maji katikati ya majani badala ya kufyeka yote hadi ukingoni. Na panapojengwa tuta au bwawa, muulizeni mhandisi maji yataachiwa mwezi gani na yatafika kwenye tambarare au yataishia mtoni, kisha jibu lake mliandike kama lilivyo.

Wako,
Msomaji wa kila siku