Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sanaa ya Ukingo wa Bahari, Forodhani hadi Mizingani

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Assalaam alaykum.

Katika mkutano mkuu uliopita mlitutuma tutayarishe pendekezo la kazi ya sanaa ya kuwekwa ukingoni mwa bahari, kati ya Forodhani na Mizingani, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mkatutaka tuwashirikishe watu wa pwani ile. Naanza na pale tulipokosea, maana kosa lile ndilo lililogeuza kazi yote.

Kamati ilianza kwa kuchora. Tulikaa jioni mbili nyumbani kwa mjumbe mmoja, tukakubaliana juu ya sanamu ya baharia aliyeshika usukani, mrefu kuliko mtu, ndipo tukaitisha mkutano wa kuwauliza wananchi. Tukaupanga saa kumi na moja jioni. Saa hizo wauza vyakula wa Forodhani wanapanga meza na kuwasha majiko, na wavuvi wa Malindi wanatayarisha vyombo vya kwenda kulala baharini. Waliokuja ni wale wanaotujua. Wakasema mchoro mzuri, tukarudi majumbani tumefurahi.

Siku ya pili yake mzee mmoja aliniita barazani kwake. "Mwanangu," akaniambia, "mmekwisha kuchora. Sasa mnatuuliza nini?" Akanikumbusha tao lililojengwa Forodhani mwaka 1956 kwa ajili ya kumpokea Princess Margaret wa Uingereza. Tao likasimama, mgeni akateremkia kwengine, kwenye bandari ya majahazi. Sikuwa na jibu. Mchoro tukauweka kando siku ile ile.

Safari ya pili hatukumwita mtu, tulikwenda sisi. Tulifika Malindi alfajiri, samaki wanapopandishwa. Tulikaa na wachuuzi mchana, wanapokata ndimu na kutunga mishikaki. Masheha walitupokea katika shehia zao, nawashukuru sana. Akina mama walikutana peke yao, asubuhi, bila ya sisi wanaume kuwamo, na waliyoyasema waliyaandika kwa mkono wao. Jambo lao la kwanza halikuwa sanaa. Walitaka pahala pa kukaa penye mwangaza, mtu aweze kumpumzisha mtoto au mzazi wake mkongwe bila ya kulazimika kununua kitu.

Suala la sanamu ya mtu lilichukua muda mrefu kuliko yote, na naliandika waziwazi kwa sababu wapo wanaolipuuza. Wakaazi wengi, wazee kwa vijana, hawakutaka sura ya kiumbe chenye roho mbele ya macho yao kila siku. Waliotetea sanamu waliitaja ile ya Mkunazini ya mwaka 1998, kazi ya Clara Sörnäs: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hakuna aliyesema iondoke. Ile imesimama kwenye eneo la soko la watumwa, na inasema lililotendeka pale. Baharia wetu hakuwa na la kusema zaidi ya kupendeza. Nilipolisikia hilo kwa kijana wa skuli niliona mjadala umekwisha.

Jambo jengine lililotufaa ni kamba. Tulichukua kamba na mianzi, tukausimamisha ukingoni umbo la ukuta wa nakshi uliopendekezwa badala ya sanamu, kwa upana na urefu wake halisi, tukauacha hadi usiku. Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini kutoka ukingoni, walikuwa wa mwanzo kuja. Mmoja alirudi nyuma, akahesabu hatua zake, akakimbia kama anavyokimbia kila jioni kabla ya kujirusha baharini, na kamba ikamkinga kifuani. Hakuhitaji kueleza. Bi mmoja muuza chakula alisimama na kipepeo chake cha kupepea moto mkononi akasema: "Upepo ukizuiwa hapa, moshi wote utawarudia wateja wangu." Karatasi isingetuambia hayo hata tungeizungusha mji mzima.

Ndipo likapatikana pendekezo tulilonalo leo: baraza ndefu ya mawe na chokaa, ya chini, iliyokatwa vipande ili njia za makachu zibaki wazi. Mgongo wa kila kipande utachongwa nakshi za milango yetu, mnyororo, yungiyungi na mtende, pamoja na jina la upepo mmoja: kaskazi, kusi, matlai, umande. Wazo la pepo ni la wavuvi. Walibishana asubuhi nzima matlai ielekezwe wapi, na nilifurahi kuona watu wakigombania kitu kama chao kabla hakijajengwa.

Fundi wa mashua alituonya tusitie nondo. Chumvi huingia ndani ya saruji, chuma kikapata kutu na kuvimba, saruji ikapasuka kutoka ndani. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inataka kukarabatiwa mara kwa mara. Kwa hiyo tumeandika ndani ya pendekezo nani atakayeitunza na kwa fedha zipi. Tulipoona sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la kifalme la Forodhani, ikianguka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha, tulijifunza thamani ya matunzo kwa uchungu.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na ukingoni pale haliwekwi jiwe bila ya kibali. Maombi yamekwisha kupelekwa, jibu bado.

Hesabu atazisoma Mshika Fedha. Nawaombea rehema wanachama wetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Kamati inaomba pia ridhaa yenu ili vijana wa makachu wapate mjumbe wao ndani ya kamati, mwenye kura kamili.

Vipande vitatu vya mfano vimelazwa chini ya ukuta wa bahari tangu kusi ilipoanza, kila kimoja kwa mchanganyiko wake wa chokaa, na bamvua, maji makuu ya bahari, imevipiga vyote. Kimoja kimeanza kumomonyoka pembeni. Tafadhalini piteni, muviguse, mkae juu yake, kisha mumwambie Katibu kipi mnakitaka kabla ya kaskazi kuingia.

Mwenyekiti